Kumtumaini Mungu kabla majibu hayajatoka

MLETA MADA

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Uzi huu nimeukusudia kwa watu ambao hivi sasa wanasubiri: anayesubiri majibu ya kipimo, anayesubiri kuitwa kazini, anayemsubiri mtu aliyeondoka bila kusema kama atarudi. Nina jambo moja tu la kueleza, nalo limenichukua muda mrefu kulielewa. Nitalieleza taratibu, kwa kuwa likisemwa haraka hugeuka kuwa lile neno la "amini tu" ambalo niliambiwa mara nyingi mpaka likanichosha.

Mwaka huu niliondolewa katika kazi niliyoifanya kwa miaka 14, na kabla sijajipanga upya mama yangu akaanza kuugua maradhi ambayo hadi leo madaktari hawajayapatia jina. Vipimo vimefanywa, vikarudiwa, na vingine vikapelekwa mbali. Katika muda huo nimejifunza kwamba habari mbaya humwangusha mtu mara moja, lakini kutojua humla polepole, kwa sababu akili iliyokosa jibu hujitungia majibu yake usiku, na aghalabu hutunga mabaya.

Nilisali sana katika majuma yale, na sala hazikunituliza. Jambo hilo lilinitisha kuliko maradhi yenyewe. Nilipojichunguza baadaye niligundua kwamba kila nilipopiga magoti nilikuwa naieleza upya hatari ileile kwa undani zaidi, nikimhesabia Mungu kila kinachoweza kuharibika, kisha nikimwomba ishara kwamba hakitaharibika. Niliinuka na hofu kubwa kuliko ile niliyopigia magoti, maana nilikuwa nimetumia nusu saa nzima kuilisha. Ndipo nikajiuliza kama kweli nilikuwa namtumaini Mungu, au nilikuwa nayatumaini matokeo fulani na kumtaka Mungu ayatie sahihi.

Hapo ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Anayeyatumaini matokeo hawezi kutulia mpaka matokeo yatoke, hata akilitaja jina la Mungu kila dakika, na yakishatoka mazuri atatulia siku chache tu, hadi litakapozuka jambo jingine. Anayemtumaini Mungu mwenyewe huweza kutulia angali hajui, kwa kuwa kilichobeba uzito wake hakingoji barua wala simu ya mtu. Nakiri kwamba sentensi hiyo ni rahisi kuiandika kuliko kuiishi.

Andiko nililoletewa mara nyingi zaidi na watu wenye nia njema ni Yeremia 29:11, lile lisemalo kwamba mawazo ya Mungu kwetu ni mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nililipenda, kisha likaanza kuniumiza, maana nililisikia kama ahadi kwamba mambo yangu yatanyooka karibuni. Usiku mmoja niliamua kuisoma sura yote tangu mwanzo. Ile ni barua. Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa kutoka Yerusalemu kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, na katika sura iliyotangulia, ya 28, nabii Hanania anawatangazia watu kwamba mambo yote yatarudi kama yalivyokuwa ndani ya miaka miwili. Bila shaka ujumbe wa Hanania ndio uliopendwa. Ulikuwa na tarehe ya karibu, nasi tulio katika shida hupenda tarehe. Yeremia akaandika miaka sabini.

Hebu tuitafakari idadi hiyo. Mtu mzima aliyeisomewa barua ile angeweza kujihesabia mwenyewe na kuona kwamba hataishi kurudi nyumbani. Mawazo ya amani yaliyotajwa katika aya ya 11 aliambiwa mtu ambaye jibu la ombi lake kubwa halingemkuta hai. Ndiyo sababu aya ya 5 inaanza na maagizo ambayo mwanzoni yanashangaza: jengeni nyumba, mkae ndani yake, pandeni bustani, mle matunda yake. Aya ya 7 inawaambia wautakie amani mji uleule waliopelekwa kwa nguvu. Ninavyoielewa barua hiyo, kumtumaini Mungu kulichukua umbo la kupanda mti mahali ambapo mtu hakutaka kuwa. Hanania aliwapa watu faraja ya haraka, na kwa ajili ya faraja hiyo watu wangekaa miaka miwili wamefunga mizigo yao, hawajengi wala hawapandi, wakitazama njia.

Nilijiona humo. Nilikuwa nimekaa miezi minne nimefunga mizigo. Sikutengeneza chochote, sikumtembelea mtu, nilisema kila kitu kitaanza "tukishapata majibu".

Maneno mengine yaliyonisaidia yamo katika Danieli 3. Shadraka, Meshaki na Abednego, Wayahudi watatu waliokataa kuiabudu sanamu ya mfalme Nebukadreza, wakiwa wamesimama mbele yake na tanuru limewashwa, wanasema kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wanaongeza maneno manne mafupi: "Bali kama si hivyo." Hawakujua mwisho wa kisa chao kama sisi tuujuavyo. Sisi huwahi kufika kwenye mtu wa nne aliyeonekana pamoja nao ndani ya moto, tukasahau kwamba utulivu wao ulikuwapo kabla hajaonekana. Nimekuwa nikiyafanyia mazoezi maneno hayo manne. Namwomba Mungu waziwazi kile ninachokitaka, kwa kuwa sioni sababu ya kujifanya sikitaki, kisha namwambia: bali kama si hivyo, bado wewe ni wangu nami ni wako. Siku nyingine sauti hainitoki ninapofika hapo.

Nakaribisha michango, hasa ya waliopita njia hii.


MAMA WA WAWILI

Kaka, ahsante kwa kuandika. Mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Mume wangu aliondoka miezi saba iliyopita kwenda kutafuta kazi nchi nyingine, na tangu mwezi wa tatu wa safari yake sijasikia sauti yake. Sijui kama ni mgonjwa, amefungwa, au ameanza maisha mengine. Watoto wakiniuliza ninajibu kwamba baba yuko njiani, kisha ninaingia chumbani.

Mchana ninaweza. Kuna kazi, kuna watoto, kuna watu wa kusalimiana nao. Saa tisa za usiku ndiyo inayonishinda. Ninaamka kana kwamba nimeitwa, moyo unadunda, na mawazo yanaanza kupanga foleni. Ninaomba unieleze kwa vitendo, tena bila lugha ya mimbarini: wewe saa hiyo unafanya nini?


MLETA MADA

Dada yangu, pole sana. Nitakueleza ninachofanya, nawe uchukue kinachokufaa.

Kwanza niliacha kuomba kwa ajili ya mwaka mzima. Katika Kutoka 16, Waisraeli wakiwa jangwani, kila mtu aliokota mana, chakula walichopewa na Mungu, pishi moja kwa siku, na iliyowekwa hadi asubuhi iliingia mabuu ikanuka, isipokuwa ile ya siku ya sita iliyohifadhiwa kwa ajili ya sabato. Waliishi hivyo miaka arobaini. Ninaamini watu wale walilala karibu kila jioni bila akiba yoyote ya kesho ndani ya hema, na huo ulikuwa mpango wenyewe wala si upungufu wa mpango. Basi saa tisa za usiku simwombi Mungu nguvu za kumzika mama yangu, kwa kuwa msiba huo haujanifika na nguvu zake hazijaletwa. Ninamwomba nguvu za kufika alfajiri. Ombi hilo ni dogo kiasi kwamba hata mimi naweza kuliamini.

Pili, ninasema haja yangu mara moja, kwa sentensi moja, kwa sauti ya chini. Paulo anaandika katika Wafilipi 4:6 kwamba haja zetu na zijulikane na Mungu, na amelitaja shukrani katika sentensi hiyohiyo. Nikishasema, hofu ikirudi baada ya dakika tano, kama inavyorudi, sianzi sala upya. Ninaiambia kwamba jambo hilo limeshakabidhiwa, kisha ninataja kitu kimoja cha siku hiyo ninachoweza kukishukuru bila kujilazimisha. Juzi kilikuwa sauti ya mama akicheka na jirani dirishani.

Aya inayofuata inasema kwamba amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yenu. Neno la Kigiriki lililo nyuma ya "itawahifadhi" ni neno la kijeshi, la askari anayelinda lindo. Paulo aliandika akiwa mfungwa, naye anataja katika sura ya kwanza kwamba askari walijua habari za vifungo vyake, kwa hiyo alilijua lindo kwa macho yake. Nimeona faraja katika picha hiyo kwa sababu mlinzi husimama mlangoni pale ambapo nje kuna kitu. Hofu yako haitakuwa imeondoka mtaani. Inaweza kugonga usiku kucha. Swali ni kama itaingia na kukaa kwenye kiti.

Tatu, ninajisemesha. Mwenye Zaburi ya 42 anaiuliza nafsi yake kwa nini inainama na kufadhaika ndani yake, na kuiambia imtumaini Mungu. Analisema mara mbili katika zaburi hiyo, na mara ya tatu katika Zaburi ya 43. Kwa hiyo usihuzunike ukijituliza saa tisa na ukalazimika kujituliza tena saa kumi.


ALIYEBAKI

Mleta mada, nimekusoma kwa makini, na ninataka kuuliza bila kuvunja heshima. Mimi nilimtumaini Mungu. Mwanangu aliugua kwa muda wa mwaka mmoja, tukafunga, tukakesha, watu wa imani wakaweka mikono juu yake, na akafariki akiwa na miaka sita. Baada ya mazishi kiongozi mmoja wa sala aliniambia kwamba huenda imani yetu ilikuwa na ufa. Tangu siku hiyo kila nisikiapo mtu akizungumzia amani ya kumtegemea Mungu, ninahisi kama ninafundishwa na mtu ambaye nyumba yake haijawahi kuungua. Wewe mama yako yu hai. Nieleze, "bali kama si hivyo" ikishafika, mtu hushika nini?


MLETA MADA

Ndugu yangu, nimekaa na ujumbe wako siku mbili kabla ya kujibu, na sitaki kukudanganya kwamba ninalo jibu lenye ukubwa wa swali lako. Kifo cha mtoto wako sina maelezo yake. Sitayatafuta pia, kwa sababu ninaogopa kwamba maelezo yoyote nitakayoyapata yatakuwa madogo kuliko yeye.

Lakini lile uliloambiwa baada ya mazishi ninaweza kulijibu, nalo lilikuwa kosa. Yesu aliomba Gethsemane mara tatu, Mathayo anasema kwa maneno yaleyale, kwamba kikombe kile cha mateso kimwepuke, na kikombe hakikumwepuka. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa na ufa? Luka anaandika kwamba malaika alimtokea akamtia nguvu, na aya inayofuata ndiyo inayosema kwamba alizidi kuomba kwa bidii katika dhiki, hata jasho lake likawa kama matone ya damu yakidondoka. Malaika alikuja na dhiki ikabaki. Tangu nilipoliona hilo sijaweza tena kumwambia mtu yeyote kwamba kutetemeka kwake ni dalili ya kukosa imani.

Unauliza mtu hushika nini. Ninachoweza kukuonyesha ni kwamba wapo waliofika hapo kabla yako, na maneno yao hayakuondolewa katika maandiko. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inamalizika gizani, bila mstari wa mwisho wa kuinua moyo. Waliokusanya zaburi wangeweza kuiondoa au kuiongezea mwisho mwema, lakini waliiacha hivyo, ikaimbwa katika ibada. Mimi naiona kama kiti kilichowekwa makusudi kwa ajili ya mtu kama wewe, ili akifika asiambiwe kwamba hapa si mahali pake. Kumlalamikia Mungu bado ni kuzungumza naye. Ukiweza hilo tu kwa mwaka huu, sitakudai zaidi, na sidhani kwamba yeye anakudai.

Na ni kweli, mama yangu yu hai. Ninaandika nikiwa upande huu wa mlango. Uliposema hivyo ulinirekebisha, nami nimepokea.


MZEE WA SUBIRA

Assalaamu alaykum wanangu. Mimi ni Mwislamu na umri umenikalia, nimefuatilia mazungumzo haya na nimeona yanatuhusu sote, kwa hiyo naomba nitie langu.

Kwanza nimwambie huyu aliyefiwa na mtoto. Mwanangu, Mwenyezi Mungu akupe subira, na subira simaanishi kukaukwa na machozi. Katika Sura Yusuf, Nabii Yakubu anapoletewa habari kwamba mwanawe Yusuf ameliwa na mbwa mwitu anasema "subira njema", na Nabii huyohuyo, katika sura hiyohiyo, analia kwa huzuni mpaka macho yake yanakuwa meupe. Wanawe walipomlaumu aliwajibu kwamba masikitiko na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo aliyesifiwa kwa subira njema ndiye aliyelia mpaka akapofuka. Watu hutenganisha mambo haya mawili, na Qurani imeyaweka kwa mtu mmoja.

Kwa dada anayemsubiri mumewe nitamkumbusha mama yake Musa. Aliambiwa amtie mtoto mtoni na asiogope wala asihuzunike. Alimtia. Kisha tunaelezwa katika Sura Al-Qasas kwamba moyo wake ukawa mtupu, na angekaribia kuidhihirisha siri yake lau Mwenyezi Mungu asingeutia nguvu moyo wake. Alikuwa na ahadi mkononi kwamba atarudishiwa mwanawe, na bado moyo ulikuwa mtupu. Tazama alichofanya baada ya hapo: alimtuma dada yake Musa afuatilie nyayo. Kutawakali hakukumzuia kutuma mtu aende kutazama. Nawe dada, umeshauliza kwenye ubalozi? Umeshawasiliana na waliosafiri naye? Mtu mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Fanya lililo mikononi mwako mchana, ili usiku uwe na haki ya kumwachia Mola lisilo mikononi mwako. Mtu anayelala bila kumfunga ngamia hapati usingizi mwema, na husema ni mtihani wa imani kumbe ni kamba.

Katika Sura Ar-Ra'd aya ya 28 tumeambiwa kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu ndipo nyoyo hutulia. Katika umri wangu nimeona kwamba kumbukumbu hiyo hujengwa siku za salama. Aliyezoea kumkumbuka Mola wake siku za salama, ulimi wake huipata njia hata akili ikiwa imepotea.


MUUGUZI WA ZAMU YA USIKU

Ninaongeza jambo moja kutokana na kazi yangu, na ninaomba lisichukuliwe kama kupinga yaliyosemwa, kwa kuwa mimi ni mtu wa imani.

Wapo wanaosoma nyuzi kama hizi wakiwa wagonjwa wasiojua kwamba ni wagonjwa. Hofu inaweza kufikia kiwango cha ugonjwa unaotibika. Mtu ambaye kwa majuma hapati usingizi, hali chakula, moyo unamwenda mbio bila sababu, hawezi kufanya kazi zake za kawaida, au ameanza kuwaza kwamba ni afadhali asiwepo, anahitaji kuonwa na daktari au mshauri wa afya ya akili, na anahitaji kumwambia mtu wa karibu leo hiihii. Nimewahudumia watu waliochelewa kuja kwa sababu waliona aibu, wakidhani kwamba kuja hospitali ni kukiri kwamba Mungu ameshindwa.

Mkumbukeni nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19. Baada ya kutishwa na Yezebeli alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Hakupewa fundisho wala hakukemewa. Alilala, malaika akamgusa akamwambia ainuke ale, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena, akaambiwa kwamba safari ni kubwa mno kwake. Ile sauti ndogo ya utulivu aliisikia Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Usingizi na chakula vilitangulia. Mimi kila ninapomshawishi mgonjwa ajaribu kula vijiko vitatu vya uji usiku wa manane, ninaikumbuka sura hiyo na ninajiona niko kazini mahali pazuri.


MWANAFUNZI WA DAIMA

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mdogo kwa umri na sina mazito kama yenu, ila nina swali linalonisumbua. Nikisali na nisipate utulivu ndani, je, hiyo ina maana kwamba simwamini Mungu? Watu wengine wananiona mtulivu na hata wananiomba ushauri, wakati ndani nina vurugu. Ninajiona mnafiki.


MLETA MADA

Marahaba, mdogo wangu. Nakushukuru kwa swali hilo, kwa kuwa nadhani wengi wamelificha.

Mchungaji wa Kijerumani Dietrich Bonhoeffer alikamatwa Aprili 1943 kwa kuhusika na upinzani dhidi ya utawala wa Hitler. Akiwa gerezani mwaka 1944 aliandika jambo linalofanana na lako: kwamba watu humwambia anatoka katika chumba chake akiwa mtulivu na imara, ilhali yeye ndani anajijua kuwa hana utulivu, amechoka, kama ndege katika kizimba. Alijiuliza yeye ni yupi kati ya hao wawili. Hakulipata jibu kwa kujichunguza. Alimalizia kwa kusema kwamba awaye yote, Mungu anamjua, naye ni wa Mungu. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 39, majuma machache kabla vita havijaisha Ulaya.

Ninachokipata hapo ni kwamba tumaini ni mahali ulipoegemea, na hisia ni jinsi unavyojisikia ukiwa umeegemea hapo. Abiria aliyelala na abiria anayetetemeka wamebebwa na chombo kimoja. Katika Marko 4, chombo kilipopigwa na dhoruba, Yesu alikuwa shetri, yaani nyuma ya chombo, amelala juu ya mto wa kichwa, na wanafunzi wakamwamsha kwa maneno makali: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hiyo ni sala mbovu kwa kipimo chochote. Ina lawama, ina hofu, haina shukrani hata kidogo. Ni kweli kwamba baadaye aliwauliza kwa nini wamekuwa waoga, lakini kwanza aliinuka na kuukemea upepo. Sala mbovu ilisikiwa. Kwa hiyo omba ulivyo, na usisubiri vurugu iishe ndipo uanze.

Mimi kwa sasa nimekaa zaidi katika Zaburi ya 131, ambayo ni fupi sana, aya tatu tu. Mwimbaji anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Kwa muda mrefu nilidhani ni picha ya mtoto anayenyonya, kumbe ameachishwa. Mtoto anayenyonya akipakatwa hutafuta maziwa, na asipoyapata hulia. Aliyeachishwa hukaa kifuani kwa ajili ya mama mwenyewe. Na kila aliyewahi kumwachisha mtoto anajua kwamba utulivu huo hutanguliwa na siku za kilio, na mama katika siku hizo huonekana mkatili machoni pa mtoto. Sina hakika kama nimeshamaliza siku zangu za kilio.


MAMA WA WAWILI

Nimerudi. Mzee wangu, maneno ya ngamia yaliniingia. Nilienda ubalozini, nikaandikisha jina lake, na nimempata mtu mmoja waliyesafiri pamoja ambaye ameahidi kuuliza. Bado sijui lolote. Usiku nimeomba nguvu za kufika alfajiri tu, kama kaka alivyosema. Niliamka saa tisa kama kawaida, nikasema sentensi yangu moja, nikashukuru kwa pumzi za watoto nilizozisikia gizani. Sikulala tena, lakini pia sikuingiwa na ile hali. Nimeona niwaambie.


ALIYEBAKI

Nimeisoma Zaburi ya 88. Nimeisoma mara nyingi. Sitasema zaidi kwa leo, ila Mzee, ahsante kwa habari ya macho ya Yakubu.


MLETA MADA

Dada, ndugu yangu, nimefurahi kuwaona mmerudi, kila mmoja kwa namna yake. Mzee wetu, marahaba ya duniani na akhera. Leo umenifundisha kamba.

Kwa wanaouliza hali ya mama: tumeitwa Alhamisi kupokea majibu ya kipimo cha mwisho. Ninapoandika hapa sijui yatasema nini, na mama naye hajui. Asubuhi ya leo alinituma nikamnunulie uzi wa kufumia, wa rangi mbili, kwa ajili ya kofia ya mjukuu ambaye atazaliwa baada ya miezi mitano. Nilisimama mlangoni kidogo nikitaka kumwambia tungoje kwanza Alhamisi, kisha nikanyamaza nikaenda. Nimempelekea, na sasa hivi ninamsikia chumba cha pili akihesabu vishimo. Alhamisi jioni nitarudi hapa kuwaeleza, yawe yalivyo.